Maandishi ya Kilatini na Taswira za Miungu wa Kike katika Sarafu za Roma ya Kale: Uhusiano wa Neno, Sura na Thamani

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna maandishi ya Kilatini na taswira za miungu wa kike zilivyoshirikiana kujenga maana katika sarafu za Roma, kuanzia mwishoni mwa karne ya 3 KK hadi mwanzoni mwa karne ya 6 BK. Ufafanuzi umeongozwa na dhana mbili za semiotiki ya Roland Barthes kuhusu uhusiano wa neno na picha. Makala inabainisha mahusiano matatu: maandishi yanayomtaja mungu anayeonekana, maandishi yanayomtaja mtu ilhali sura ni ya mungu, na maandishi yasiyomtaja anayeonekana. Aidha, makala inaonesha kwamba kipengele cha tatu, yaani madini yenyewe, hakiwezi kuachwa nje ya uchambuzi, kwa kuwa miungu wa haki ya mizani waliendelea kugongwa kwenye sarafu ambazo fedha yake ilikuwa ikipungua. Hitimisho ni kwamba sarafu ya Kiroma ni matini inayopaswa kusomwa kwa jumla: neno, sura, uzito na wakati.

1.0 Utangulizi

Dinari ya Roma ilikuwa kipande cha fedha chenye kipenyo cha takribani milimita 18. Katika nafasi hiyo ndogo, mchongaji alilazimika kuweka sura ya mtawala, jina lake, vyeo vyake, na upande wa pili taswira iliyoeleza jambo kuhusu utawala huo. Mara nyingi taswira hiyo ilikuwa ya mwanamke: Roma mwenye kofia ya chuma, Victoria mwenye mabawa, Concordia mwenye kisahani cha tambiko, Pax mwenye tawi la mzeituni. Wanawake hao hawakuwa mapambo. Wengi wao walikuwa miungu waliojengewa mahekalu na kutolewa dhabihu.

Sarafu hii ina uhusiano wa moja kwa moja na msamiati wa Kiswahili. Jina denarius linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kumi kumi", kwa sababu sarafu hiyo ilipoanza kugongwa takribani mwaka 211 KK, wakati wa vita vya pili kati ya Roma na Carthage, ilikuwa na thamani ya sarafu kumi za shaba zilizoitwa as. Nyuma ya kichwa cha Roma ilichorwa alama X, yaani kumi. Jina hilo liliingia katika Kigiriki, likafika katika Kiarabu likiwa dinar, na kutoka huko likaingia katika Kiswahili kama dinari. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana nalo katika kisa cha kodi ya Kaisari, ambamo Yesu anauliza sura na maandishi yaliyo kwenye sarafu ni ya nani. Swali hilo ndilo swali la makala hii: sura ni ya nani, maandishi ni ya nani, na viwili hivyo vinahusianaje?

Umuhimu wa swali unatokana na mjadala uliopo miongoni mwa wataalamu. Mwaka 1956, A. H. M. Jones alitilia shaka desturi ya wanahistoria kuzichukulia taswira za sarafu kama sauti ya siasa, akazilinganisha na stempu za barua za siku zake. Barbara Levick (1982) alipendekeza kwamba taswira hizo zilichaguliwa na maofisa waliotaka kumpendeza mtawala mwenyewe kabla ya kuwaathiri raia. Kwa upande mwingine, Carlos Noreña (2011) alihesabu sarafu nyingi zilizopatikana katika hazina zilizofukiwa ardhini na kuonesha kwamba uteuzi wa taswira ulikuwa na mpangilio unaoweza kufuatiliwa na kufasiriwa. Mjadala huo hauwezi kupata ufumbuzi kwa kutazama sura peke yake au maandishi peke yake.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Mwaka 1964, Roland Barthes alichambua tangazo la biashara la tambi na kubainisha kwamba maandishi yanayoambatana na picha yana kazi kuu mbili. Kazi ya kwanza ni kutia nanga: picha ina maana nyingi zinazoelea, na maandishi huifunga kwenye maana moja. Kazi ya pili ni kupokezana: maandishi yanaleta jambo ambalo picha haina, na picha inaleta jambo ambalo maandishi hayana, ili maana ipatikane kwa kuviunganisha.

Dhana hizi zinafaa kwa sarafu za Roma kwa sababu neno na sura viligongwa kwa pigo moja la nyundo. Hata hivyo, tangazo la tambi si tambi yenyewe, ilhali sarafu ni tangazo na ni bidhaa kwa wakati mmoja. Ujumbe wa sarafu umeandikwa juu ya thamani yake. Tofauti hiyo itajitokeza katika sehemu ya sita.

3.0 Maandishi: Muundo, Ufupisho na Sarufi

3.1 Herufi na vifupisho

Maandishi ya sarafu yalitumia herufi kubwa pekee. Herufi V iliwakilisha sauti /u/ na pia sauti ya konsonanti iliyo karibu nayo. Kwa hiyo AVGVSTVS husomwa Augustus, na VENVS husomwa Venus. Herufi J haikuwapo, hivyo Juno aliandikwa IVNO na Julia aliandikwa IVLIA.

Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, vyeo vilifupishwa kwa utaratibu uliozoeleka. IMP ni Imperator, kamanda mshindi. CAES ni Caesar. AVG ni Augustus. P M ni Pontifex Maximus, kuhani mkuu. TR P ni mamlaka ya utetezi wa raia, ambayo yalihesabiwa upya kila mwaka. COS ni konsuli. P P ni Pater Patriae, baba wa nchi. Kwenye sarafu za shaba ziliongezwa herufi S C, zenye maana ya "kwa azimio la Seneti". Hesabu iliyofuata TR P na COS humsaidia mtafiti kukadiria mwaka sarafu ilipogongwa, na mara nyingine humpa mwaka wenyewe. Wingi ulioneshwa kwa kurudia konsonanti: AVG ni Augustus mmoja, AVGG ni wawili, na AVGGG ni watatu.

Ufupisho ulizaa utata. PAX AVG inaweza kujazwa kuwa PAX AVGVSTI, "Amani ya Augustus", au PAX AVGVSTA, "Amani Tukufu". Katika tafsiri ya kwanza amani ni mali au kazi ya mtawala. Katika ya pili ni mungu mwenye sifa ya utukufu inayofanana na jina la mtawala. Kifupisho kiliruhusu maana zote mbili zisikike pamoja, na hapana haja ya kudhani kwamba jambo hilo liliwasumbua waliogonga sarafu.

3.2 Uhusika wa nomino

Kilatini hubadilisha mwisho wa nomino kulingana na kazi yake katika sentensi, na mabadiliko hayo yana maana katika sarafu. Jina la mungu likiwa katika hali ya mtenda, kama VENVS GENETRIX, linafanya kazi ya utambulisho: huyu ni Venus Mzazi. Likiwa katika hali ya mtendewa kwa manufaa, kama IVNONI LVCINAE au FECVNDITATI AVGVSTAE katika sarafu za Faustina Mdogo, linageuka kuwa wakfu: kwa Juno Lucina, mlinzi wa wazazi, kwa Rutuba ya Augusta. Sarafu inachukua lugha ya madhabahu. Vivyo hivyo, sarafu za Traianus zenye maneno S P Q R OPTIMO PRINCIPI zina maana ya "Seneti na watu wa Roma kwa kiongozi aliye bora kuliko wote". Hapo anayepewa wakfu ni mtawala, na anayetoa ni umma.

3.3 Jinsia ya kisarufi na tashihisi

Kwa nini dhana kama amani, uhuru na uaminifu zilichorwa kama wanawake? Sehemu ya jibu imo katika sarufi. Nomino nyingi za dhahania katika Kilatini zina jinsia ya kike: pax, libertas, fides, concordia, aequitas. Dhana ilipopewa mwili, ilipewa mwili unaolingana na jinsia ya nomino yake. Uthibitisho unapatikana katika nomino zenye jinsia ya kiume: Honos, yaani Heshima, na Genius, yaani roho mlinzi, walichorwa kama wanaume. Virtus, ambayo maana yake ni ushujaa na ambayo mzizi wake ni neno vir, "mwanamume", ni nomino ya jinsia ya kike. Kwa hiyo alichorwa kama mwanamke aliyevaa silaha za vita.

Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi ya aina hiyo. Ngeli zake haziitenganishi amani na ushujaa kwa misingi ya kike na kiume. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika "amani" anapoteza mwanamke aliye kwenye sarafu, na anayeandika "mungu wa kike Pax" anapoteza neno la kawaida ambalo kila msemaji wa Kilatini alilisikia. Herufi kubwa za sarafu hazikutofautisha jina la mungu na nomino ya kawaida. Ndiyo maana tashihisi hii haipaswi kuchukuliwa kuwa tamathali ya usemi tu. Amani ya Augustus ilikuwa na madhabahu yake mjini Roma, iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK, na Concordia alikuwa na hekalu katika uwanja mkuu wa mji.

4.0 Taswira: Namna ya Kumtambua Mungu wa Kike

Nyuso za miungu hao zinafanana. Kinachowatofautisha ni vitu walivyobeba, mavazi na mkao. Fortuna hushika usukani wa meli, kwa sababu bahati huongoza maisha, pamoja na pembe iliyojaa matunda. Pax hubeba tawi la mzeituni. Victoria ana mabawa, taji la majani na kuti la mtende. Salus, mungu wa afya na usalama, humlisha nyoka kwa kisahani. Felicitas hushika fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili. Libertas hubeba kofia aliyovikwa mtumwa alipoachwa huru. Ceres ana masuke ya nafaka. Juno mara nyingi huambatana na tausi, na Minerva huvaa kofia ya chuma na kushika mkuki na ngao.

Mfumo huu wa alama uliwafikia hata watu wasiojua kusoma, ambao walikuwa wengi katika dola hiyo. Katika nusu ya mashariki, ambako Kigiriki ndicho kilichotawala mawasiliano, Kilatini cha dinari kilikuwa lugha ya wageni. Tawi la mzeituni halikuhitaji mkalimani. Kwamba watu waliziangalia sarafu kunathibitishwa na kisa cha kodi kilichotajwa hapo juu. Pia mwanafalsafa Epictetus, akizungumzia tabia za watu, alitumia mfano wa mtu anayetazama chapa ya sarafu, akaikubali yenye chapa ya Traianus na kuitupa yenye chapa ya Nero. Mfano wa namna hiyo usingeeleweka kama wasikilizaji hawakuwa na mazoea ya kuangalia chapa.

Mfumo wa alama ulitumika pia kwa nchi. Hadrianus, aliyetawala mwaka 117 hadi 138 BK na kuzunguka sehemu kubwa ya dola yake, aligongesha sarafu za majimbo. AFRICA ni mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mara nyingi akishika nge. AEGYPTOS ameegemea chini akiwa na kayamba la ibada ya Isis, na mbele yake yupo ndege kwarara. Africa hiyo ilikuwa jimbo la kaskazini lililozunguka Carthage, eneo ambalo leo ni Tunisia na majirani zake. Jina lake ndilo lililokuja kupewa bara zima. Bara likaitwa kwa jina la jimbo, na jimbo hilo Roma ilikuwa imelichora kama mwanamke ambaye alama zake zilichaguliwa na waliomtawala.

5.0 Mahusiano Matatu ya Neno na Sura

5.1 Neno linalomtaja anayeonekana

Uhusiano wa kwanza ni ule wa kutia nanga. Mfano mmoja ni sarafu kubwa ya shaba ya Nero yenye maandishi ANNONA AVGVSTI CERES. Ceres ameketi akiwa na masuke, Annona amesimama mbele yake akiwa na pembe ya neema, kati yao ipo madhabahu yenye chombo cha kupimia nafaka, na nyuma inaonekana tezi ya meli. Bila maandishi, mtazamaji angeona mavuno. Neno Annona, linalotaja utaratibu wa kuulisha mji, linaifunga picha kwenye jambo mahususi: nafaka iliyosafirishwa kwa meli kutoka Misri na Afrika ya kaskazini, ambayo bila hiyo mji wa Roma ungekumbwa na njaa na ghasia. Neno Augusti nalo linamtaja aliyetaka kusifiwa kwa kazi hiyo.

Mfano wa pili ni dinari ya mwaka 54 KK iliyogongwa na Marcus Brutus akiwa ofisa kijana wa sarafu. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke na neno LIBERTAS. Upande wa pili unamwonesha Lucius Brutus, ambaye mapokeo yanamtaja kama mfukuzaji wa wafalme wa Roma. Miaka kumi baadaye, Marcus Brutus alishiriki kumuua Caesar. Sarafu aliyoitoa baada ya mauaji hayo haina mungu wa uhuru. Ina majambia mawili, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na maandishi EID MAR, yaani siku ya Idi ya mwezi Machi. Alama ya mungu imebaki, mungu mwenyewe ameondoka, na maandishi yametaja tarehe badala ya jina. Uhuru umetoka kuwa mungu wa kuabudiwa na kuwa tendo lenye siku yake.

5.2 Neno linalomtaja mtu, sura ya mungu

Uhusiano wa pili ni wa kupokezana. Katika sarafu ya shaba iliyogongwa mwanzoni mwa utawala wa Caligula, mwaka 37 hadi 38 BK, wanawake watatu wamesimama wakiwa na alama za Securitas, Concordia na Fortuna. Maandishi hayataji mungu yeyote. Yanasema AGRIPPINA, DRVSILLA, IVLIA, yaani dada watatu wa mtawala. Sura inasema miungu, neno linasema ndugu. Mtazamaji ndiye anayeunganisha, na katika kuunganisha huko anakubali dai ambalo hakuna aliyelitamka: kwamba ndugu wa Caligula ni usalama, mapatano na bahati ya dola. Drusilla alifariki mwaka 38 na kutangazwa kuwa mungu. Mwaka 39 dada wawili waliobaki walituhumiwa kula njama na wakapelekwa uhamishoni. Sarafu zilikwisha kusambaa mikononi mwa watu.

Hasa tangu karne ya 2 BK, wake wa watawala waliwekwa upande wa mbele wa sarafu, na miungu wa kike wakawekwa upande wa nyuma kama kioo chao. Faustina Mdogo aliunganishwa na Juno na Venus; Julia Domna aliunganishwa na Venus, Ceres na Vesta, na pia aliitwa MATER CASTRORVM, "mama wa kambi za jeshi". Pudicitia, mungu wa staha, huvuta ushungi wake kuelekea usoni. Kwa njia hiyo sarafu iliwapa wanawake hao nafasi ya wazi ambayo sheria za Roma hazikuwapa, lakini iliwapa kwa sharti: waonekane kama wazazi, wenye staha na waletao mapatano.

Sharti hilo halikutegemea ukweli wa maisha yao. Plautilla aliolewa na Caracalla mwaka 202, na sarafu zake zilitangaza Concordia na PROPAGO IMPERI, "kizazi cha dola", maneno yanayoambatana na picha ya mume na mke wakishikana mikono. Caracalla alimchukia. Baba yake Plautilla, Plautianus, alipouawa mwaka 205, Plautilla alifukuzwa, na baadaye akauawa uhamishoni. Concordia huyohuyo aligongwa tena kwa ajili ya ndugu wawili, Caracalla na Geta, walipotawala pamoja mwaka 211. Mwaka huohuo haujaisha, Caracalla alimuua Geta, na jina la Geta likafutwa katika majengo na nyaraka za dola.

Kutokana na mifano hiyo, ipo hoja kwamba Concordia hakuwa taarifa bali dua. Historia ya ibada yake inaiunga mkono hoja hiyo: hekalu lililojengwa mwaka 121 KK na konsuli Opimius kwa heshima ya Concordia lilifuatia mauaji ya Gaius Gracchus na wafuasi wake. Mungu wa mapatano aliitwa mahali ambapo mapatano yalikuwa yamevunjika. Hivyo mtafiti anayeona Concordia kwenye sarafu hana haki ya kuhitimisha kwamba mapatano yalikuwapo; ana haki ya kuuliza ni nani waliokuwa wakigombana.

5.3 Neno lisilomtaja anayeonekana

Uhusiano wa tatu ndio wenye ugumu mkubwa wa kimbinu. Dinari ya Tiberius, ambayo mara nyingi huhusishwa na kisa cha kodi katika Injili, ina upande wa mbele maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, "Tiberius Caesar Augustus, mwana wa Augustus aliye mungu". Upande wa nyuma upo mwanamke aliyeketi, mkono mmoja akishika fimbo ya enzi na mwingine tawi. Maandishi yanayomzunguka ni PONTIF MAXIM, cheo cha ukuhani mkuu cha Tiberius mwenyewe. Mwanamke hatajwi.

Baadhi ya wataalamu humtambua kuwa Pax kwa sababu ya tawi. Wengine humwona Livia, mama yake Tiberius, ambaye baada ya kifo cha Augustus mwaka 14 BK alipewa jina la Julia Augusta na kuwa kuhani wa ibada ya mumewe aliyetangazwa mungu. Ulinganisho na sarafu nyingine za Tiberius unaonesha kwamba ukimya huo haukutokana na uhaba wa nafasi. Sarafu za shaba za mwaka 22 hadi 23 zenye vichwa vya wanawake ziliandikwa wazi PIETAS, IVSTITIA na SALVS AVGVSTA. Hata hapo neno Augusta lina pande mbili: ni sifa ya mungu na ni jina la Livia, ambaye mwaka 22 alikuwa ameugua sana.

Katika mfano huu, nanga haikutiwa. Mtu aliyetaka kuona amani aliiona, na aliyetaka kumwona mama wa mtawala alimwona. Jambo linalofaa kusisitizwa ni kwamba katalogi inayoandika "Pax" au "Livia" bila maelezo inaongeza neno ambalo sarafu yenyewe haina.

6.0 Moneta na Aequitas: Ujumbe Dhidi ya Madini

Juno alikuwa na hekalu katika kilima cha Capitolium kwa jina la Juno Moneta, jina ambalo Cicero alilihusisha na kitenzi chenye maana ya kuonya. Kiwanda cha sarafu kilikuwa karibu na hekalu hilo. Mwaka 46 KK, Titus Carisius alitoa dinari yenye kichwa cha mungu huyo na neno MONETA. Upande wa pili zimechorwa zana za kazi: fuawe, koleo na nyundo. Jina la mungu likawa jina la kiwanda, kisha jina la kilichotengenezwa humo. Kiitaliano kinasema moneta, Kihispania moneda na Kifaransa monnaie.

Chini ya watawala wa dola, Moneta alichorwa akiwa amesimama na mizani mkononi. Aequitas, mungu wa haki na usawa, alichorwa vivyo hivyo. Wawili hao hawatofautishwi kwa sura. Ni maandishi pekee yanayowatenganisha. Noreña alipohesabu sarafu za fedha kuanzia wakati wa Vespasianus hadi mwanzoni mwa karne ya 3, Aequitas ndiye aliyeongoza miongoni mwa sifa njema za watawala. Mizani yake iliahidi uzito halali.

Ahadi hiyo inaweza kupimwa. Wakati wa Augustus, ratili moja ya Kiroma ya fedha ilitoa dinari 84, kila moja ikiwa na takribani gramu 3.9. Mwaka 64 BK, Nero aliifanya ratili itoe dinari 96, na uzito ukashuka hadi takribani gramu 3.4. Mwaka 82 Domitianus alipandisha usafi wa fedha, na katika miaka hiyo ya 80 maandishi MONETA AVGVST yakaanza kuonekana kwenye sarafu zake za shaba. Kwa hiyo Moneta wa mizani aliingia wakati ahadi yake ilipokuwa na msingi. Lakini mwaka 85 sehemu ya nyongeza hiyo iliondolewa, na katika karne ya 2 kiwango kiliendelea kushuka. Septimius Severus, aliyehitaji fedha za kuwalipa askari, aliifanya dinari iwe na fedha takribani nusu tu; sarafu zake zina MONETA AVG na AEQVITATI AVGG. Mwaka 215 Caracalla alitoa sarafu mpya ambayo wataalamu wengi wanaamini ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ilhali uzito wake ulikuwa kama wa dinari moja na nusu. Kufikia takribani mwaka 270, sarafu hiyo ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5. Katika sarafu za Claudius wa Pili za wakati huo, Aequitas bado amesimama, bado ameshika mizani.

Kwa askari aliyelipwa mshahara wake kwa sarafu hizo, au mkulima aliyeuza ngano kwa sarafu hizo, mizani ya Aequitas haikuwa suala la sanaa. Kipande alichoshika kilimwambia kwa maandishi kwamba mtawala ni mwenye haki, na kilimwambia kwa rangi na uzito kwamba fedha imepungua. Watu waliitikia kwa kuficha sarafu nzuri za zamani na kutumia mpya, na hazina zilizofukiwa wakati huo ni ushahidi wa mwitikio huo. Mwanzoni mwa karne ya 4, Diocletianus na wenzake waligonga sarafu zenye maandishi yanayoanza na SACRA MONETA, "Moneta mtakatifu", katika miaka ileile ambayo amri ya mwaka 301 ilijaribu kuweka kikomo cha bei katika dola nzima. Kadiri sarafu ilivyopoteza kuaminika, ndivyo mungu wake alivyoongezewa utakatifu.

Hapa ndipo dhana za Barthes zinapohitaji nyongeza. Neno na sura vinaweza kukubaliana kikamilifu, na bado vyote viwili vikakanushwa na madini yanayovibeba.

7.0 Mwisho wa Miungu wa Kike

Ukristo ulipokuwa dini ya watawala, wengi wa miungu hao walitoweka kwenye sarafu. Victoria hakutoweka upesi. Madhabahu yake iliondolewa katika jengo la Seneti kwa amri ya Gratianus mwaka 382, na ombi la Symmachus la mwaka 384 la kutaka irudishwe lilipingwa na askofu Ambrosius na kukataliwa. Hata hivyo, Victoria aliendelea kugongwa kwenye dhahabu, na katika karne ya 5 akachorwa akishika msalaba mrefu. Chini ya Justinus wa Kwanza (518–527), umbo lake lilibadilishwa kuwa la malaika wa kiume, huku maandishi yakiendelea kusema VICTORIA. Sura ilibadili dini, neno likabaki.

Hatua nyingine ilifuata mashariki. Katika miaka ya 690, khalifa Abd al-Malik alitoa dinari ya dhahabu isiyo na sura yoyote, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Jina la sarafu ya Roma liliendelea kuishi kwenye kipande ambacho neno lilikuwa limechukua nafasi yote ya sura.

8.0 Hitimisho

Makala imebainisha kwamba neno na sura katika sarafu za Roma yalihusiana kwa njia tatu: kutaja, kupokezana na kunyamaza. Jinsia ya nomino za Kilatini ilichangia kuwapa miungu hao miili ya kike. Vifupisho viliruhusu maana zaidi ya moja. Na alama walizobeba ziliwafikia wasiojua kusoma. Imebainika pia kwamba Concordia, Aequitas na Moneta hawakueleza hali iliyokuwapo kila mara. Mara nyingine walitangaza jambo lililokuwa likikosekana.

Matokeo haya yana athari mbili kwa utafiti. Kwanza, kumbukumbu za sarafu zinapaswa kutenganisha kile kilichoandikwa na kile kinachofasiriwa, hasa pale mwanamke anayeonekana hatajwi. Pili, maelezo ya taswira yasitolewe bila uzito na kiwango cha madini, kwa sababu mtumiaji wa kale alivipokea vyote kwa mkono mmoja. Anayesoma mizani ya Aequitas na kuacha kuipima sarafu yenyewe anakuwa amesoma nusu ya matini.